UZI: Nilifuata maembe ya ngowe hadi Pate, kwenye gulio linalofunguliwa na maji

#1 MamaJuisi_SouthB

Wadau, habari za wikendi. Uzi huu utakuwa mrefu, kwa hivyo mwenye chai na aimimine kabla hatujaanza.

Wanaonijua humu wanajua nauza matunda na juisi South B, na kila siku saa 10 alfajiri niko Marikiti, soko la jumla la Nairobi, nikigombania makreti na watu wenye mabega kunishinda. Msimu huu wote kero yangu imekuwa ngowe. Nina mteja mmoja, mzee wa Lamu anayeishi na mwanawe hapa jirani. Kila nikimpa glasi ya juisi ya embe anainywa yote, anashukuru, halafu anatikisa kichwa: "Mwanangu, hili limeivishwa kwa kabaidi." Sina la kumjibu. Mengi yanayotufikia yameangushwa machanga na kutiwa dawa njiani. Ngozi ni ya njano kama jua, lakini ukifika karibu na kokwa unakuta gumu na chachu.

Huyo mzee ndiye aliyeniambia kuna kijiji kisiwani Pate ambako wakulima hukutana ufukweni wakati wa kaskazi na kuuza walichokiangua asubuhi ileile. Nikamwuliza, siku gani? Jumatano? Jumamosi? Akacheka mpaka akakohoa. "Bamvua," akasema, na hakuongeza neno.

Nikamwachia dada yangu kibanda na mashine ya kusagia, nikaenda. Siku sita, kwenda na kurudi. Nia yangu ilikuwa ya kibiashara kabisa: kumpata mkulima, kumkwepa dalali, kuleta ngowe za kweli Nairobi. Someni mwone ilivyonipata.

Jina la kijiji sitaliandika. Wenyeji wawili waliniomba nisiwaletee watu wa kamera, nami nikakubali.

#2 Kamwana_Githurai

Nimeketi. Endelea, mama. Lakini bei usifiche.

#3 MamaJuisi_SouthB

Bei zinakuja, Kamwana.

Basi nililipanda hapa mjini jioni, tukapita Mombasa, Malindi, Garsen, na kesho yake alasiri nikashuka Mokowe. Kutoka Garsen siku hizi ni lami, ingawa vizuizi vya polisi bado vipo na kitambulisho hukitoa mfukoni mara nyingi kuliko simu. Mokowe ni bara. Hapo unavuka kwa boti hadi Lamu mjini. Nililala Lamu.

Asubuhi nikafanya kosa la mtu wa Nairobi. Saa 3 nilikuwa gatini na begi mgongoni, nimejipanga kama nasubiri matatu ya kwanza. Nikamwuliza nahodha wa boti ya Pate, "Tunaondoka saa ngapi?" Hakunijibu. Alinyoosha mkono tu kuelekea baharini. Nikatazama: maji yamerudi mbali, madau mengine yamelala ubavu kwenye tope kama ng'ombe waliochoka.

"Maji yako wapi?" akaniuliza yeye.

Ndipo nikaelezwa. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Huko kwao, siku za bamvua maji yanapwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 alasiri, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Njia ya kwenda Pate inapita Mkanda, ule mto mwembamba kati ya Manda na bara, na maji yakipwa Mkanda haupitiki. Kwa hivyo boti haina saa. Tuliondoka saa 7 mchana na saa 9 tulikuwa Mtangawanda, gati la Pate. Kutoka hapo ni bodaboda na vumbi.

#4 Bajuni_wa_Pumwani

Dada, nakusoma kwa raha, ila Mkanda si mto. Ni mlango wa bahari, maji yake ni chumvi mwanzo hadi mwisho. Mikoko ya pande zote mbili ndiyo iliyokudanganya.

Kijiji nimeshakijua kwa maelezo yako. Sisemi.

#5 MamaJuisi_SouthB

Ahsante kaka, nimesahihishwa. Na nilijua utatokea.

Sasa gulio lenyewe. Ondoeni akilini Gikomba, ondoeni hata soko la Jumanne la kule kwenu mashambani. Ni mikwaju mitatu mikubwa karibu na hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu), na chini yake watu kama thelathini wameketi juu ya mikeka na magunia. Hakuna meza wala mizani, na mwenye kukusanya ushuru sikumwona. Robo ya wauzaji walikuwa wamekuja kwa madau kutoka ng'ambo ya hori, na ndio wanaoamua urefu wa soko. Maji yakijaa wanafika hadi kwenye mizizi ya mikwaju, na yakianza kupwa ni lazima waondoke, la sivyo wanakwama kwenye tope hadi usiku. Muda wa saa tatu tu, basi. Wakati wa maji mafu, kati ya bamvua na bamvua, hori halijai vya kutosha, na gulio halipo. Kusi likianza kuvuma bahari inachafuka, maembe nayo yamekwisha, kila mtu anakaa kwake.

Vitu nilivyoviona: ngowe kwa mapakacha, na maembe madogo ya kienyeji ambayo hakuna aliyeniambia jina lake mara mbili sawasawa. Ndimu. Ukwaju uliofinyangwa mabonge. Mabungo, ambayo sikuwa nimeyaonja tangu nilipokwenda Mombasa nikiwa shuleni. Nazi na madafu, muhogo, kunde, simsim iliyopimwa kwa kibaba cha bati, majani ya mronge, samli kwenye chupa za soda, achari, tumbaku iliyosokotwa. Watu wa madau walileta ng'onda, samaki wa kukaushwa, na harufu yake ilinifikia kabla sijashuka kwenye bodaboda.

Nikiwa bado nashangaa, bibi mmoja mwenye buibui na leso ya kijani begani akaniita kwa sauti: "Ndoo! Ndoo, mwanangu!"

Nikatazama huku na huku. Kando yangu kulikuwa na ndoo ya maji, ya buluu. Nikaiinua kwa mikono miwili, nikampelekea kwa heshima zote.

Gulio zima lilicheka. Mzee mmoja alilazimika kuketi.

#6 Bajuni_wa_Pumwani

😂😂😂 Nimelia. Kwa wasiojua: kwetu "njoo" ni "ndoo". Njaa ni ndaa, njia ni ndia. Bibi alikuwa anakuita tu.

#7 Shangazi_Eastleigh

Mimi nimecheka mpaka mjukuu ameamka. Na hiyo ndoo aliipokea?

#8 MamaJuisi_SouthB

Aliipokea, shangazi! Akasema "Ahsante, nalikuwa na kiu." Akanywa, akanipa na mimi. Maji ya mvua, matamu, ya jabia, lile birika la kuyahifadhia. Kisha akanikalisha mkekani pake na hapo ndipo biashara ilipoanza, au ilipokufa, mtaamua wenyewe.

Ngowe zake zilikuwa ndefu, ncha imejikunja kidogo, rangi imeanza kuiva kuelekea machungwa. Fungu la matano kwa shilingi 50. Alinikatia moja. Wadau, nyuzi hazikuwepo. Nilikula hadi kokwa ikawa nyeupe.

Nikafuta mikono, nikaingia kazini. Nikamwambia, bibi, nataka yote. Alikuwa na kama 400 hivi. Nikamwambia niuzie kwa shilingi 6, nachukua yote sasa hivi, unarudi nyumbani mapema. Hivyo ndivyo tunavyosema Marikiti, na hakuna muuzaji wa Marikiti anayekataa kurudi nyumbani mapema.

Bibi akanitazama kama mtoto aliyevunja kikombe. "Nikikupa yote wewe, hawa wa madau watarudi na nini?"

Nikapandisha hadi 8. Akageuka kumhudumia mtu mwingine. Nikapandisha hadi 10, bei ileile ya fungu. Nikadhani tatizo ni bei! Akaniambia taratibu kwamba wale wa ng'ambo ardhi yao ni ya chumvi, miembe haisimami, na wao ndio wanaomletea ng'onda. Kipande cha ng'onda kwa maembe kumi na mawili, msimu baada ya msimu, tangu mama yake. Mwaka ambao kaskazi lilikuwa baya na maembe yake yakapukutika yakiwa maua, wale watu walimletea ng'onda vilevile. Sasa mimi ni nani wa kuja na noti zangu alasiri moja nikamwache bila maembe ya kuwapa?

Nilinyamaza. Nikanunua fungu moja kama binadamu.

#9 FundiMeza

Samahani kuharibu utamu, lakini hii mnaipamba. Huyo bibi anapoteza pesa. Angeuza yote, angenunua ng'onda kwa pesa taslimu na chenji ingebaki. Hao wakulima ni maskini kwa sababu ya mambo kama haya. Na maembe yapo tele Makueni, epo, Kenti, Tomi, lori linafika Nairobi kwa saa chache. Siku sita kwa ajili ya embe?

#10 Kamwana_Githurai

Fundi ana hoja kidogo. Mama, kwa nini hukupeleka lori tu hadi Mokowe ukanunua kwa wakulima wengi wengi?

#11 MamaJuisi_SouthB

Fundi, nilifikiri kama wewe mpaka nilipopiga hesabu. Ngojeni niwape, kwa kuwa Kamwana amedai bei tangu mwanzo.

Baada ya bibi kunikatalia, watu watatu wengine walikubali kuniuzia pakacha mojamoja, kwa ridhaa ya bibi, maana wote walimtazama kwanza usoni. Jumla maembe 120 kwa shilingi 1,200. Bodaboda hadi Mtangawanda 300. Boti hadi Lamu, mzigo 200. Hamali na punda wake Lamu 200. Boti ya Mokowe 100. Basi hadi Nairobi, mzigo 1,000. Hiyo ni 3,000, yaani kila embe shilingi 25, nauli yangu sijaihesabu.

Basi lenyewe silitaji jina. Nililipia mzigo uwekwe mahali pa hewa, kijana akauweka kwenye boneti juu ya injini, karibu na miguu ya kondakta. Kufika Nairobi mapakacha yalikuwa yanafuka. Maembe 34 yalikuwa yamepondeka au kuchacha. Yaliyobaki 86, kwa hivyo kila moja limenigharimu karibu 35. Marikiti nanunua kwa 20.

Kwa hivyo, Fundi, bibi akiniuzia kwa 6 au kwa 10, Nairobi haitofautishi. Pesa haikai shambani, inakaa njiani. Ukitaka kumtajirisha bibi tengeneza njia, usimlaumu kwa ng'onda yake.

#12 FundiMeza

Hapo kwa njia nakubali. Kwa ng'onda bado.

#13 Mdudu_Kasarani

Habari wote. Nafanya kazi na wakulima wa matunda, niongeze jambo moja. Mama, hayo 34 yote yaliharibika kwa joto? Au mengine ulikuta funza ndani?

#14 MamaJuisi_SouthB

Umenipata. Kama 9 hivi yalikuwa na funza weupe. Kwa nje yalikuwa safi, tundu dogo tu kama la sindano.

#15 Mdudu_Kasarani

Ndiyo wenyewe. Nzi wa matunda. Huyu aliyetusumbua zaidi alitoka Asia, na hapa Kenya aligunduliwa mara ya kwanza huko huko Pwani mwaka 2003. Jike linatoboa ngozi ya embe na kutaga ndani, mayai yanaanguliwa, funza wanakula nyama, kisha embe likianguka wanaingia mchangani na kugeuka nzi wapya. Ndiyo sababu mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya: shehena zilikuwa zinakamatwa na funza. Ilichukua miaka kurudi.

Dawa ya kunyunyiza peke yake haisaidii sana, kwa sababu funza wako ndani ya tunda na wanaogeuka nzi wako ardhini. Kinachosaidia ni kuokota kila embe lililoanguka na kulifunga kwenye mfuko wa plastiki juani mpaka funza wafe, pamoja na mitego ya kunasa madume kwa harufu. Lakini ni lazima shamba zima na jirani zake wafanye. Ukiokota wewe na jirani asiokote, umefanya kazi bure. Kwenye kisiwa mnaweza kukubaliana. Makueni kazi ni kubwa zaidi.

#16 Bajuni_wa_Pumwani

Mdudu, umesema jambo. Marehemu babu yangu alikuwa akitukataza kuacha embe chini ya mwembe. Tulidhani ni ukali wa wazee tu. Yaliyopondeka yalikwenda kwa punda au yaligeuzwa achari siku ileile.

Na Fundi, ndugu yangu, nikujibu na mimi kwa upole. Ukiwa kisiwani na bahari imechafuka wiki mbili, M-Pesa haikuletei samaki. Mwenye samaki ndiye anayekuletea, na anakumbuka nani alimpa embe. Hiyo si hisani, ni akiba. Wewe akiba yako iko Sacco, ya bibi iko ng'ambo ya hori.

Tena hao si watu wasiojua biashara. Tumbaku ya Pate mjini inalimwa ndani ya magofu, kati ya kuta za majumba ya zamani, na kwa miaka mingi imeuzwa Lamu na mbali zaidi. Wanajua kipi ni cha kuuza nje na kipi ni cha majirani.

#17 FundiMeza

Akiba ng'ambo ya hori. Sawa, hiyo nimeielewa. Ungeanza na hiyo.

#18 Shangazi_Eastleigh

Mimi nina maswali ya mwanamke mwenzangu. Ulilala wapi? Ulivaa nini? Na ulikula nini, maana umetaja ng'onda tu?

#19 MamaJuisi_SouthB

Shangazi, nilibeba dera na leso mbili, nikajitanda kichwa tangu Lamu. Hakuna aliyeniambia, lakini ukifika unaona wenyewe walivyo na unajisikia vizuri zaidi hivyo. Salamu kwanza, kila mtu, hata kama una haraka. Nilimpita mzee mmoja bila kumwamkia na bodaboda wangu alisimamisha pikipiki nirudi.

Nyumba za wageni kijijini hazipo. Nililala kwa bibi wa ndoo. Ndiyo, yuleyule! Soko lilipokwisha saa 12 alinishika mkono, na sikuulizwa. Usiku tulikula mkate wa mofa wa moto na mchuzi wa papa kwa nazi, na baadaye embe, bila shaka. Nilimwachia sukari na majani ya chai nilizobeba Nairobi. Pesa alizirudisha mara mbili, mara ya tatu nikaziweka chini ya mto na kukimbia.

Kabla ya kulala alinionyesha namna ya kuvundika. Maembe yaliyokomaa anayapanga kwenye shimo kavu lililotandikwa majani makavu, anafunika kwa majani na gunia, na anayahesabu siku. Sehemu ya juu ni ya kula kesho kutwa, ya chini ni ya siku ya nne. Hakuna kabaidi. Nilimwuliza anajuaje embe limekomaa mtini. Akasema, tazama mabega yake: yakijaa na kupanda juu ya kikonyo, limekomaa. Yakiteremka, mwache mtoto akue. Tangu nirudi Marikiti natazama mabega. Wauzaji wananiona nimechanganyikiwa, lakini wiki hii sijapata hata moja chachu.

Safari ya kurudi ilikuwa saa 10 alfajiri, maji yakiwa yamejaa tena. Saa yangu ya Marikiti ileile. Mwezi ulikuwa mkubwa hata taa hatukuhitaji.

#20 Kamwana_Githurai

Na mzee wako wa juisi?

#21 MamaJuisi_SouthB

Nilimpelekea manne. La kwanza alilinusa muda mrefu bila kulimenya. Akaniuliza, "La nani hili?" Nikamweleza bibi, leso ya kijani, mikwaju mitatu. Akauliza kama jabia bado lina maji. Nikamwambia lina maji, nimeyanywa. Akala mawili mbele yangu, mawili akamwekea mwanawe.

Siku iliyofuata alikuja kibandani kama kawaida, akaagiza juisi ya embe ya Marikiti, akainywa yote. Safari hii kichwa hakukitikisa. Labda ni huruma tu.

#22 Kamwana_Githurai

Mimi natafuta likizo mwezi ujao. Bajuni, nikienda nitafute tarehe gani?

#23 Bajuni_wa_Pumwani

Usitafute tarehe. Tazama juu. Mwezi ukiwa mpevu uwe umeshafika Lamu, na ukiwa umeandama vivyo hivyo. Ukichelewa siku nne umekosa. Uliza kwanza hali ya barabara kabla ya kukata tiketi. Na ukiitwa "ndoo", nenda mikono mitupu.

#24 Shangazi_Eastleigh

Mama Juisi, yale mapakacha ulitupa?

#25 MamaJuisi_SouthB

Mawili yaliungua kwenye injini. La tatu nimelitundika kibandani nikalitia ndimu. Tangu jana wateja wanne wameniuliza linauzwa bei gani. Pakacha, si ndimu.

#26 FundiMeza

Bei gani?